Mbiu ya Unga

"Njoo na gunia, ndugu yangu, usije na kikombe! Kikombe ni cha chai, na chai yenyewe hatuna!"

Madirishani watu walicheka. Mtaa ule ulikuwa haujacheka tangu mvua zilizopita, na Mnadi, aliyekuwa amesimama nyuma ya pikapu, mkono mmoja kwenye kipaza sauti na mwingine kwenye kamba iliyofunga spika juu ya kichwa cha gari, aliposikia kicheko kile alihisi mwili mzima umepata joto. Akaongeza.

"Kesho asubuhi, ghala la pamba! Kila mwenye nyumba aje mwenyewe, mwanamume kwa miguu yake! Usimtume mkeo. Gunia zito litamvunja kiuno, halafu huo unga atakupikia nani?"

"Kwani wewe huna mikono?" mwanamke mmoja alimjibu kutoka ghorofani, na kicheko kikaruka kutoka dirisha hili hadi lile mpaka mwisho wa mtaa.

Karatasi aliyopewa haikuwa na kikombe wala kiuno. Ilisema tu kwamba unga utagawiwa ghalani na kwamba watakaopokea ni wanaume, wakuu wa kaya. Mengine yote aliyatia mwenyewe, kwa mazoea ya kazi. Kabla ya vita alikuwa akinadi vitu vya mitumba sokoni: vitanda, vioo, makoti ya marehemu, mashine za cherehani zilizokwisha meno. Aliwahi kuuza kiti cha miguu mitatu kwa kuwaambia watu kwamba cha miguu minne huyumba sakafu ikiwa mbovu, lakini cha mitatu hakiyumbi kamwe. Aliyekinunua alirudi wiki iliyofuata, si kugombana, ila kumwambia ni kweli hakiyumbi. Kwa hiyo watu walimpenda. Walijua anatia chumvi, lakini walijua pia kwamba chini ya chumvi kuna nyama.

Kisha wageni wakavuka daraja na mizinga yao. Watu waliwaita wageni kwa sababu jina lao halisi lilikuwa chungu mdomoni. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawa siku ya tatu ndio waliowapa jembe wenyeji. Mavuno yakaanza kuondoka kwa treni. Mkate wa kadi ya mgao ukawa mdogo, ukawa mweusi, ukawa na kitu ndani yake kinacholia menoni kama mchanga. Sokoni, mtu aliyeleta kitanda hakutaka fedha, alitaka viazi, na anayebadilisha kitanda kwa viazi hahitaji mnadi, anahitaji kujificha. Soko likafa. Ndipo Mkalimani wa wageni alipomjia nyumbani. Kabla ya vita alikuwa karani wa posta, kijana mwembamba mwenye tai. Alimwambia kuna kazi ya kusoma matangazo, na malipo yake ni kopo la mafuta na kifuko cha dengu kila mwisho wa juma.

"Mimi ni mdomo tu," Mnadi alimwambia mkewe siku ile. "Maneno ni yao."

"Ulimi hauna mfupa, baba watoto," mkewe alisema. Lakini alilipokea kopo la mafuta, akalifuta vumbi kwa pindo la kanga yake, akalificha chini ya kitanda.

Jioni ya mbiu ya unga walikaa wanne kwenye chumba chao cha chini, kile kinachotazama ngazi za jengo: Mnadi, mkewe ambaye miguu yake ilikuwa imeanza kuvimba kwa njaa, binti yao, na mume wa binti yao, fundi wa baiskeli. Fundi alihamia kwao baada ya karakana yake kuchukuliwa pamoja na baiskeli zote zilizokuwamo, hata zile za kutengenezwa. Alikuwa kijana wa mizaha. Usiku huo alilikunja gunia, akaliweka kichwani kama kofia ya afisa.

"Baba, kesho nitakuwa wa kwanza kwenye foleni," alisema. "Siku hizi nina mtu wangu serikalini."

"Mtu wako atakwambia ushike mkia wa foleni kama wengine," Mnadi alijibu, na wote wakacheka isipokuwa mkewe.

"Mbona wanaume tu?" mkewe aliuliza.

"Magunia mazito, mama."

"Nani kasema ni mazito? Wao au wewe?"

Mnadi akagundua hana hakika. Alikuwa ameyasema maneno yale mtaa baada ya mtaa hadi yakawa kweli kichwani mwake, kama kila kitu alichowahi kunadi.

Asubuhi kulikuwa na ukungu. Wanaume walikuja mapema, magunia yamekunjwa kwapani, wengine wamevaa koti la kutokea kama wanaokwenda harusini. Pikapu iliegeshwa langoni mwa ghala, na Mnadi akaambiwa aendelee kuita ili watu wasisukumane. "Jipangeni, jipangeni! Unga hauna miguu, hautakimbia!" Mlango mdogo ulifunguliwa, wakaanza kuingizwa kundi kwa kundi. Alimwona mkwewe akifika mlangoni, akageuka, akampungia gunia juu ya vichwa vya watu. Halafu akainama, akaingia.

Hakuna aliyekuwa akitoka. Mnadi alidhani wanatokea mlango wa pili, upande wa nyuma. Kisha akasikia injini za malori zikiwashwa huko huko nyuma, nyingi, na sauti ya mtu ndani ya ghala ikiita jina la mama yake. Waliokuwa bado kwenye foleni wakageuka kukimbia, wakakuta askari wamekwisha kuifunga barabara. Dereva wa pikapu akapandisha kioo chake taratibu. Na katika spika, juu ya yote hayo, kulikuwa na mtu anaendelea kusema "jipangeni, ndugu zangu, jipangeni," na ilimchukua Mnadi muda kutambua kwamba mtu huyo ni yeye.

Mkalimani alipanda nyuma ya gari, akamnyang'anya kipaza sauti, akakizima.

"Wanapelekwa wapi?"

"Kujenga reli. Mbali." Uso wa Mkalimani ulikuwa umepauka. "Ni kwa sababu ya wanawake waliovunja duka la mikate, na bohari la petroli lililochomwa. Wanasema mji usio na wanaume hauchomi kitu. Watarudi, mzee. Kazi ikiisha watarudi."

"Ulijua?"

"Waliniambia unga. Nakuapia kwa kaburi la baba yangu, waliniambia unga."

Mnadi alirudi nyumbani kwa miguu. Mtaani kote wanawake walikuwa wamesimama milangoni, na habari ilikuwa imefika kabla yake. Hakuna aliyemtukana. Walimpisha tu, kama watu wanavyompisha mtu mwenye ndui. Binti yake alimsikiliza hadi mwisho, akainuka, akachukua kiti chake, akakigeuza, akakaa akimpa mgongo. Tangu siku hiyo hakumwita baba. Akitaka kumwambia jambo humwambia mama yake. "Mama, mwambie mumeo maji ya kunawa yako pale." Mumeo. Na aliyeambiwa yuko palepale, kasikia, ananawa.

Alijaribu kuacha kazi. Mkalimani akamkuta ameketi ngazini.

"Ukiacha sasa, mkwe wako atakuwa mtu asiye na mtu," alimwambia. "Endelea. Na mimi nitalisukuma jina lake. Wako wanaorudishwa, nimewaona kwa macho yangu."

Akaendelea. Alisoma amri za kutotoka nje jioni, amri za kusalimisha redio, majina ya waliopigwa risasi. Alisoma kama anasomea ukuta, bila chumvi, bila kiuno wala kikombe. Watoto walimwita Kasuku. Dirisha moja lilimmwagia maji ya vyombo, na Mnadi aliyanusa kwenye shati lake akashangaa jinsi yalivyokuwa safi. Hayakuwa na hata harufu ya chakula. Lakini hakuna kilichomkata kama mjane wa mwashi. Mama huyu aliishi ghorofa ya juu katika jengo lao, na wanawe wote wawili walikwenda ghalani siku ile. Kila pikapu ilipopita aliteremka hadi ngazi ya mwisho, akasimama, akamtazama Mnadi. Gari likishapita, alipanda tena.

Njaa ikaacha kuwa habari, ikawa mwenyeji. Watu walichemsha maganda ya viazi, wakayakausha, wakayachemsha tena. Paka waliisha mtaani. Jeneza lilibebwa na wanawake, na waliobeba walilazimika kulitua kila baada ya nyumba chache ili wapumue. Miguu ya mke wa Mnadi ilivimba hadi ukiigusa kwa kidole, shimo linabaki. Dengu za kila juma aliwapikia wote, lakini sahani yake aliisukuma kwa binti yao, na binti akairudisha, ikawa inakwenda na kurudi mpaka inapoa.

Ndipo asubuhi moja Mkalimani akaja mbio, tai imekaa upande, macho yanang'aa.

"Mzee, unga. Safari hii ni unga kweli."

Mnadi hakusimama.

"Nisikilize. Kuna watu wa msaada, si wa upande wowote, wamepewa ruhusa kupitisha treni yao. Mabehewa yako stesheni sasa hivi. Nimempigia kamanda magoti, mzee, magoti haya, mpaka akakubali unga ugawiwe hapa. Lakini mchana njia inatakiwa na jeshi, treni haiwezi kungoja. Waite watu. Wote, wanaume kwa wanawake."

"Wanawake pia."

"Wote."

"Huo unga umeuona?"

"Nimeyaona mabehewa. Yamefungwa kwa lakiri."

"Ndani umeona?"

Mkalimani aliinyosha tai yake. "Ndani sijaona," alisema. Halafu, kwa haraka, kama mtu aliyekumbuka kitu mfukoni: "Na jina la mkwe wako liko mezani kwa kamanda. Leo. Lisome tangazo hili vizuri, kama ulivyokuwa ukisoma zamani, na wiki hii atakuwa nyumbani. Nimeahidiwa."

Nyuma ya mlango, ndani, kiti kilisogea. Binti yake alikuwa anasikia.

Mnadi aliichukua karatasi, akapanda pikapu. Njiani moyo wake ulikuwa na kazi moja tu, kuipima ile ahadi. Maisha yake yote alikuwa ameuza vitu, na alijua jambo hili kuliko alivyojua sala zake: mwenye bidhaa nzuri haongezi zawadi. Ukiona muuzaji anakupa kabati na juu yake anakupa taa ya bure, kabati lina mchwa. Yeye mwenyewe alikuwa ametoa taa nyingi. Na sasa alikuwa anapewa unga na juu yake anapewa mkwe. Safari ile walichukua wanaume. Safari hii wanataka wanawake pia. Nani atakayebaki?

Askari mmoja alikaa mbele na dereva. Pikapu ikaingia mtaani, ikapunguza mwendo. Mnadi akawasha kipaza sauti, na spika zikapiga ule mlio wao mkali. Katika ngazi ya mwisho, mahali pake palepale, alisimama mjane wa mwashi. Lakini leo alikuwa na gunia. Hakuwa ameambiwa lolote bado. Labda alimsikia Mkalimani ngazini, labda tetesi za stesheni zilikuwa zimemfikia. Amelikunja vizuri, amelishika kwa mikono miwili mbele ya tumbo lake. Alimtazama Mnadi, na mara ya kwanza tangu ile siku, macho yake yalikuwa yanauliza.

Karatasi ikamtoka mkononi.

"Msije!" alisema, na spika zikalirusha neno lile hadi kwenye mabati. "Wenzangu, msije! Kaeni ndani! Mara ile niliwadanganya bila kujua. Leo sijui tena, na kwa kuwa sijui, nawaambia msije! Stesheni kuna treni, na treni hubeba watu! Fungeni milango! Msije!"

Breki zikalia. Kabla askari hajamfikia, Mnadi alisikia kitu ambacho hakukitegemea. Mtu fulani juu aligonga sufuria tupu kwa kijiko. Akafuata mwingine. Mtaa mzima ukaanza kugonga sufuria, masinia, vifuniko, na sauti ya mwanamke ikapaa, "Mnadi wetu!" Mjane wa mwashi aligeuka, akapanda ngazi na gunia lake, akafunga mlango. Kitako cha bunduki kilimpata Mnadi mbavuni, akaanguka juu ya spika, na hata alipokuwa anaanguka alikuwa, Mungu amsamehe, mtu mwenye furaha.

Walimtupa stesheni, kwenye zege la jukwaa. Alipoinua kichwa, kitu cha kwanza alichoona ni behewa lililo wazi. Magunia yalikuwa yamepangwa hadi darini. Moja lilikuwa limefunguliwa na kuwekwa kando ya mizani, na mpimaji, mtu wa msaada mwenye kitambaa cheupe mkononi, alikuwa ameshika upawa na kutazama lango la stesheni ambalo hakuna aliyekuwa akiingia. Kulikuwa na wafagiaji wa reli na wake zao, wachache. Kulikuwa na mkuu wa treni anayetembea huku na huko. Hapakuwa na lori hata moja.

Mnadi alijikokota kwa magoti hadi kwenye gunia lile. Akaingiza mkono. Unga ulimmeza hadi kwenye kifundo, mkavu, baridi, mwepesi.

Mkalimani alimnyanyua kwa kola, akampiga kofi, akampiga tena, na alikuwa akilia.

"Mjinga wewe! Mjinga! Nilikwambia ni kweli! Mama yangu mwenyewe amejifungia ndani kwa sababu yako!"

"Nipe gari," Mnadi alisema. "Nipe kipaza sauti. Nitawaita."

Mkalimani alikimbia kwa afisa aliyekuwa kivulini akivuta sigara, akasema naye, mikono inaruka. Afisa alicheka kidogo, akajibu maneno machache. Mkalimani akarudi polepole.

"Anasema gari ni la jeshi, si la kufukuzia wapumbavu. Anasema watu wako wayale maneno yako." Alijifuta pua kwa tai yake. "Nenda kwa miguu. Kimbia, mzee. Kimbia!"

Alikimbia. Mbavu zilimchoma kila alipovuta pumzi, na sauti ile iliyowahi kujaza soko zima bila spika sasa ilitoka vipande vipande. "Tokeni! Ni kweli! Unga upo, nimeushika!" Aligonga mlango wa kwanza, wa pili, kila mlango. "Njooni, ni kweli, treni inaondoka!" Mtaa ulikuwa kimya. Aliona mapazia yakisogea kidogo na kurudi. Akasimama katikati ya barabara, damu inamtiririka kutoka mdomoni, akapiga kelele kwamba alikosea, kwamba wamsikilize, kwamba anaapa kwa wazazi wake.

Dirisha moja la chini lilifunguka upana wa kidole.

"Tumekusikia, baba," sauti ya mwanamke ilisema, kwa upole mkubwa, kama mtu anayembembeleza mgonjwa. "Tunajua wamekushika. Tunajua wamekulazimisha. Hatuji, usiogope. Hatutakuangusha."

"Hapana! Mama, nisikilize! Hakuna aliyenilazimisha!"

"Mungu akulipe," sauti ilisema, na dirisha likafungwa.

Na ndivyo ilivyokuwa, mlango hadi mlango. Jinsi alivyozidi kulia ndivyo walivyozidi kuamini kwamba nyuma yake, pembeni kidogo, kuna bunduki. Mtu mmoja alimpitishia kitambaa chini ya mlango ajifute damu. Walimheshimu kuliko walivyowahi kumheshimu maishani mwake, na hakuna aliyetoka.

Binti yake alikuwa amesimama katika mlango wa chumba chao. Nyuma yake, kitandani, mama yake alikuwa ameinuka kwa kiwiko.

"Umemuuza mume wangu mara mbili," binti alisema.

Ilikuwa sauti yake, akimwambia yeye.

"Mara ya kwanza hukujua. Nilitaka kukusamehe kwa hiyo, nilikuwa najaribu. Leo ulijua bei. Nilikusikia ukiambiwa bei, nikakaa hapa kwenye kiti nikasubiri, halafu nikakusikia kwenye spika."

"Mwanangu, unga upo. Nimeushika." Alimwonyesha viganja. Unga ulikuwa umeingia kwenye mistari ya mikono yake, umechanganyika na jasho na damu, ukawa ujiuji wa rangi ya waridi.

Binti alivitazama viganja vile. Akamtazama usoni, kwa muda, kama anayetafuta mahali pa kuanzia kwenye ukurasa uliofutika. Kisha akaingia ndani, akatoka na gunia.

"Usidhani nimekuamini," alisema. "Kama ni kweli, mama atakula. Kama ni uongo, watanipeleka aliko mume wangu. Kwangu yote ni mamoja. Twende."

Walipofika, wafanyakazi wa treni walikuwa wanafunga milango ya mabehewa ya nyuma, chuma juu ya chuma. Mpimaji aliwapimia haraka haraka, akambonyeza binti kidole gumba kwenye karatasi. Mnadi akamwomba. Akamwomba gunia la jirani, la mjane wa ghorofani, la watoto wa ng'ambo ya barabara. Atabeba yeye mwenyewe, mgongoni, moja moja. Mtu yule alimsikiliza, na uso wake ulionyesha kwamba anaelewa na kwamba amechoka kuelewa.

"Kila kaya ije yenyewe," alisema kwa lafudhi ya mbali. "Ndiyo masharti. Nikiyavunja hapa, hawatatupitisha kwingine."

Kipenga kikalia. Mkalimani alikuwa ameketi kwenye benchi la abiria, mikono kati ya magoti, hakuinua kichwa. Mabehewa yalianza kusogea, yakapita moja baada ya jingine mbele yao, mazito, yakiacha kwenye mataruma mstari mwembamba mweupe wa unga uliovuja palipokuwa na tundu. Wake za wafagiaji waliinama na mafagio.

Baba na binti walilibeba gunia pamoja, kila mmoja pembe zake mbili. Mtaani walipita chini ya madirisha yaliyofungwa, na hapo Mnadi alitamani mtu ammwagie maji.

Mke wa Mnadi aliteremka kitandani, akaketi sakafuni karibu na jiko, akawasha moto kwa vipande vya rafu ya vyombo. Akapekecha unga kwenye maji. Uji ukaanza kuchemka, ukatoa yale mapovu mazito yanayopasuka taratibu, na harufu yake ikajaa chumbani. Mlango ulikuwa na ufa, na dirisha halikuwa na kioo tangu mizinga. Harufu ikapata njia yake.

"Funga pale kwa blanketi," mkewe alinong'ona.

Mnadi hakusogea. Binti naye hakusogea. Nje, ng'ambo ya barabara, bawaba ya dirisha ililia. Kisha nyingine, juu yake. Kisha ngazini kukasikika nyayo, polepole, ngazi moja baada ya nyingine, na zikakoma mbele ya mlango wao. Hakuna aliyebisha. Binti alifungua.

Mjane wa mwashi alikuwa amesimama na bakuli mkononi. Alitazama jiko, akatazama gunia lililoegemea ukuta, akamtazama Mnadi na shati lake la damu.

"Ilikuwa kweli?" aliuliza.

Mnadi alimtazama binti yake.

"Ilikuwa kweli," binti alisema.

Mjane aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeuliza saa akaambiwa. Hakukunja uso, hakuondoka. Nyuma yake ngazi zilikuwa zikijaa watu: mmoja ana kikombe, mmoja ana kifuniko cha kopo, mwanamke ana mtoto begani na kijiko mkononi. Wengine walikuwa wanavuka barabara, bila haraka. Mke wa Mnadi alitazama mlango, akatazama sufuria.

Binti akachukua upawa. Akaukoroga uji kutoka chini kabisa, akavuta ndoo kwa mguu, akaongeza maji.